Antena ya karavani: Riyadh ilishika, Jeddah ikagoma, na bibi anasubiri Magharibi

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na mlioko huku ugenini.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, miaka nasoma nyuzi za watu, nacheka, nalia, naondoka bila hata kuaga. Leo nimeona na mimi nitoe changu. Yamenikuta mwenyewe, si ya rafiki yangu wala ya jirani, na hakuna chai humu ndani, ni kweli tupu.

Uzi unahusu antena ya TV ya karavani, lile banda la kulala linalovutwa na gari. Najua kuna walioshaanza kucheka. Chekeni tu, ila someni mpaka chini.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi Mtanzania, mtu wa Kondoa, fundi wa vifaa tiba kwenye hospitali moja hapa Riyadh. Mashine za wodini zikigoma naitwa mimi. Naishi mtaa wa Malaz na mke wangu, Salma.

Salma kazaliwa Jeddah. Ukoo wao ni wa Unguja, wale waliohamia huku tangu mapinduzi ya sitini na nne. Kwao wanaongea Kiswahili kitamu kuliko changu, halafu wakianza kugombana wanahamia kwenye Kiarabu na mimi nabaki nimetoa macho.

Aliyemlea Salma ni bibi yake, Bi Zuwena. Huyu ndiye mwenye uzi, mimi mwandishi tu.

Bibi anaishi Ghulail, kule Jeddah, pamoja na mama mkwe wangu. Ghorofa ya tatu, nyumba ya zamani, lifti hakuna. Tangu babu afariki, miaka sasa, Bibi hashuki zile ngazi isipokuwa anapopelekwa hospitali.

Magoti yamechoka, sawa. Lakini si magoti peke yake.

Yeye na babu walikuwa wakienda Makka kila wiki. Kutoka Jeddah si mbali, unatoka baada ya chai ya asubuhi unarudi kula chakula cha mchana. Babu alipoondoka, safari zikafa. Ukimwambia Bibi twende Makka, jibu lake ni moja: "Nende na nani?" Na ukimjibu "na sisi" anakuangalia tu, mazungumzo yanaishia hapo.

Kilichobaki ni TV. Kila siku kabla ya Magharibi anawashiwa chaneli inayoonyesha Haram, ule msikiti mkuu wa Makka, moja kwa moja. Anakaa kwenye kiti chake anaangalia watu wakitufu, wakiizunguka Kaaba, mpaka adhana. Hamfuati imamu wa kwenye TV, anajua fika haifai, ataswali zake mwenyewe. Anataka kuona tu. Na wakati ule hata umpigie simu ukiwa unazama, hapokei.

Kila tulipotoka kumsalimia, Salma alikuwa analia ndani ya gari. Siku moja akasema neno ambalo lilinikaa: "Bibi yangu atatoka mle ndani akiwa kwenye jeneza."

Mimi nikampa leso, nikaendelea kuendesha.

Sasa karavani inaingiaje.

Bosi wangu kazini ni Msaudi, tunamwita Abu Rakan. Kama mnavyojua, huku baridi ikianza tu watu wanahamia jangwani na mahema, kuni, kahawa na ngamia wa jirani. Abu Rakan ana karavani, lakini wanawe wamekua, hawaitaki tena, imesimama nje ya nyumba yake inakula vumbi.

Siku moja ananiambia: TV ya mle ndani haishiki kitu, wewe si fundi? Ukiitengeneza chukua karavani wikiendi yoyote unayotaka, mafi mushkila, yaani hakuna shida.

Nikaenda kuiona. Kitanda kizuri. Jiko dogo. Na choo!

Wakuu, hapo kwenye choo ndipo akili iliponiruka. Wazee wengi hawakatai kutoka kwa sababu ya miguu. Wanakataa kwa ajili ya choo. Bibi hata akialikwa harusi ya mjukuu swali lake la kwanza ni hilo, halafu anasingizia kichwa kinauma.

Nikampigia Salma hapo hapo nje ya nyumba ya bosi. Salma akampigia Bibi. Bibi akasikiliza yote, ufukweni, kitanda, choo cha ndani, hakuna ngazi, wajukuu watupu.

Akasema, "Na Haram yangu n'taionea wapi?"

Salma akamwambia kuna TV.

"TV ipo. Inashika?"

Mnaona mtego huo. Sharti likawa hilo: ikishika, Bibi anashuka ngazi. Isiposhika, tusimsumbue tena na safari zetu. Kwa hiyo antena haikuwa tena kazi ya bosi, ilikuwa kazi ya mke wangu. Na mke wangu hasahau.

Haya, sasa nyie mnaotaka mambo ya ufundi, karibuni.

Kosa la kwanza nililifanya kwa kuwa mimi ni Mtanzania. Kwetu TV ni antena ya juu ya bati na king'amuzi, unamtuma mtu anazungusha mlingoti unapiga kelele "hapo hapo! rudisha kidogo!" Nikaingia duka la vifaa vya umeme, nikakuta antena ya karavani nzuri sana, ya mviringo, nyeupe, unaibandika juu ya paa, inapokea pande zote. Muuzaji akanisifia. Na mimi nikajisifia.

Pale Malaz ilishika chaneli chache za nchi. Tukaivuta karavani jangwani kaskazini ya mji, ikashika upepo.

Antena za namna ile zinategemea mnara wa karibu. Jangwani mnara wa nani? Huku watu wanatumia dishi, angalia paa lolote la Riyadh, madishi yamejaa. Nilikuwa nayaona kila siku nikiwa naanika nguo, na bado nikanunua antena.

Aina ya pili ni ile ya kuba, kama bakuli limefunikwa juu ya paa. Unabonyeza kitufe inajitafutia satelaiti yenyewe. Tamu sana. Niliuliza bei nikairudisha kwa adabu kwenye rafu.

Kuna atakayesema, mkuu si utumie simu tu, internet? Nitafika huko.

Nikaamua dishi dogo, la stendi ya miguu mitatu, unalisimamisha chini pembeni ya karavani. Pamoja na kile kifaa cha kutafutia signal, kinachopiga mluzi ukikaribia. Dishi dogo lina raha moja: upepo haulichezei sana, na likianguka unaliokota mwenyewe bila kuita watu.

Mwenzangu kwenye kazi hii ni Otieno, Mkenya, mhandisi wa majengo, jirani yetu hapa Malaz. Ana pikapu yenye uwezo wa kuvuta karavani, na ana moyo. Ijumaa moja tukaenda jangwani kujaribu.

Tulihangaika. Huku hakuna, kule hakuna. Mwisho kifaa kikapiga mluzi, picha ikaja safi, Haram hiyo pale kwenye kioo, watu kwenye nguo nyeupe pe pe pe wanazunguka. Nikapiga takbiri. Otieno akapiga makofi.

Sasa hapo ndipo nilipojifanya mwanasayansi.

Mkeka wangu wa kuswalia ulikuwa umetandikwa palepale. Nikaangalia mkeka, nikaangalia dishi. Dishi linaelekea karibu kabisa na kibla, limepinda kidogo tu kulia. Nikanyoosha mkono kuelekea kibla, nikakunja ngumi. Upana wa ngumi moja. Satelaiti iko ukingo wa kulia wa ngumi yangu.

Nikamwambia Otieno, kanuni ndiyo hiyo: kibla, ngumi moja kulia, basi.

Otieno ni Mkristo, lakini aliikariri kuliko mimi. Kila wikiendi tukitoka, natandika mkeka, yeye ananyoosha ngumi. "Ngumi moja right, iko poa, weka." Na kila mara inashika hapo hapo. Abu Rakan mwenyewe alikuja akaona, akatuita wahandisi. Mimi kichwa kikavimba. Nilishaanza kuwafundisha watu kazini.

Tukawa tayari kwa Jeddah.

Safari ya kuvuta karavani kutoka Riyadh ni ndefu na unakwenda taratibu. Tulipofika upande wa Makka tukapita barabara ya kuzungukia nje, maana Otieno haruhusiwi kukatiza mjini. Akasema, "Hakuna shida, mimi nitawaombea nikiwa huku nje." Salma alicheka mpaka akasinzia.

Asubuhi yake tukaenda Ghulail kumchukua Bibi.

Hii sehemu nikiikumbuka nashindwa kuandika haraka.

Mimi nilishapanga tumbebe na kiti, mimi mbele, Otieno nyuma. Bibi akagoma. "Sijafa. Msinibebe." Amevaa baibui lake, amejifukiza udi, ameshika ukuta. Otieno akapata akili: akachukua kigoda cha plastiki, akawa anatangulia nacho. Bibi anashuka ngazi chache, akifika penye uwanja wa ngazi anakikuta kigoda, anakaa, anapumua, anainuka. Otieno anakinyakua anatangulia tena.

Majirani wakaanza kufungua milango. Mama mmoja wa Kisudani alipomwona akaziba mdomo, hakuamini. Watu wakawa wanamsalimia kila ghorofa, wanamuombea dua, na Bibi anaitikia kama bibi harusi. Yule mama akatuletea tende tukiwa hata hatujafika chini.

Bibi alipotoka mlangoni na jua likampiga, alisimama. Akaangalia mtaa juu na chini. "Lile duka la Bwana Khamisi limekuwa la simu?" Hakuna aliyekumbuka Bwana Khamisi ni nani isipokuwa mama mkwe.

Tulikwenda ufukweni kusini ya mji, sehemu pana, familia chache, bahari mbele yetu. Bibi akaonyeshwa kitanda. Akaonyeshwa choo, akaujaribu mlango kama unafunga au haufungi. Akaridhika. Mama mkwe akamtandikia mkeka nje, kwenye kivuli cha karavani, na kiti chake cha kuswalia.

Mimi huyo na dishi langu. Nikaangalia mkeka wa Bibi. Ngumi moja kulia. Otieno akahakikisha, "Iko poa." Nikafunga skrubu. Nikawasha.

Hakuna.

Nikasogeza kidogo. Hakuna. Nikatikisa waya. Hakuna. Kifaa cha kutafutia kimya kabisa, hata kukohoa.

Wakuu, mimi kazi yangu ni mashine. Mashine ikigoma, kosa ni la mashine. Nikafungua viungo vya waya vyote nikavikata upya. Nikashuku kile kichwa cha mbele ya dishi kimegongwa barabarani, nikabadilisha, nilikuwa nacho cha akiba. Nikazima king'amuzi nikawasha. Nikamlaumu Otieno kwa lile tuta alilolirukia kabla ya Taif.

"Manze, tuta ni la jana," akasema. "Na nilipunguza speed."

Bibi akatoa kichwa dirishani. Mnajua utani wa bibi na wajukuu, mimi ananiita mume wake, na Salma ni mke mwenziwe.

"Mume wangu, Haram yangu iko wapi?"

"Inakuja, Bibi."

"Inatokea wapi, Unguja?"

Salma akachukua simu, akafungua ile chaneli kwenye internet. Mtandao pale ulikuwa wa kuokoteza. Picha ikaja, ikaganda. Bibi akaisogeza karibu na pua, maana macho hayaoni vitu vidogo.

"Hawa mbona wamesimama?"

"Mtandao, Bibi, wataenda sasa hivi."

"Tawafu gani hiyo ya kusimama? Chukua simu yako."

Basi wale wa internet jibu lenu mmelipata kwa Bibi.

Muda ukawa unakwenda. Nimevua shati, jasho, mchanga mpaka masikioni. Bibi akaacha kuuliza. Hiyo ndiyo ilinitisha. Akiuliza bado anataka.

Mwishowe akamwita Salma, akasema kwa upole kabisa, "Nirudisheni kabla ya Magharibi. Sikukasirika, mwanangu. Mumeo kajitahidi. Lakini mie nimezoea kuwa kwangu wakati ule."

Salma akatoka nje akaja kusimama karibu yangu. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Akasema, "Akizipanda zile ngazi leo hashuki tena. Namjua."

Nilijisikia vibaya, ndugu zangu. Mtu mzima amejikokota ghorofa zote zile kwa ahadi yangu, halafu mimi nimeshika bisibisi nimeduwaa.

Mama mkwe akasema, Alasiri imeingia, tuswali kwanza halafu tufunge vitu.

Nikatawadha. Nikasimama mbele kuswalisha, nyuma yangu Bibi kwenye kiti, Salma na mama yake. Otieno amekaa pembeni kwenye kile kigoda, anatazama bahari kwa heshima.

Nikafunga sala. Na Mungu anisamehe kwa hili ninaloandika.

Rakaa ya kwanza nikahisi kisogo kinaungua. Jua kali, limenilalia shingoni. Nikasema moyoni, ajabu, leo jua liko nyuma.

Rakaa ya pili nikakumbuka jangwani. Kule Riyadh Alasiri tunaswali jua linatupiga usoni. Kila wikiendi. Mpaka nafumba macho, mpaka Salma aliniambia nivae kofia.

Kwa nini Riyadh jua usoni na Jeddah jua kisogoni, na sala ni ileile?

Wakuu, nilipata jibu nikiwa kwenye rukuu.

Riyadh iko mashariki ya Makka, kwa hiyo ukiswali unaelekea kusini magharibi. Jeddah iko upande wa pili, pwani, kwa hiyo ukiswali unageuka unaelekea mashariki. Ukihama mji, kibla inahama na wewe. Satelaiti haihami! Iko kulekule magharibi, haijui mimi natoka Malaz wala Ghulail.

Nilikuwa nimeelekeza dishi kwenye milima ya Taif tangu mchana.

Kuanzia hapo sikujua tena niko rakaa ya ngapi. Nikabahatisha, nikakaa, nikasujudu sijida ya kusahau, nikatoa salamu. Nyuma nikamsikia Bibi, "Imamu wetu leo yuko safarini."

Sikuleta hata dua. Nikakimbia.

Otieno akashtuka, "Boss, umemaliza kuswali ama umeacha jiko on?"

"Geuza! Geuza dishi! Baharini!"

"Baharini wapi?"

"Mgongo wa mkeka! Kibla huku iko kinyume!"

Akaangalia mkeka, akaangalia jua, akaangalia ngumi yake. Yule ni mhandisi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akasema polepole, "Kumbe hii satellite haijui Kibla."

Tukaligeuza dishi likatazama baharini. Bado kimya. Nikakumbuka kingine, kwamba kutoka Jeddah satelaiti ile inaonekana juu kidogo kuliko kutoka Riyadh, maana tumeisogelea. Nikalegeza skrubu, nikalinyanyua uso taratibu, Otieno anasogeza kushoto na kulia kidogo kidogo.

Kifaa kikapiga mluzi.

Salma alisikia akiwa ndani, akapiga vigelegele kabla hata hajaona picha. Mama mkwe akaacha kukunja mashuka.

Tulimkalisha Bibi mbele ya TV, tukamuwekea mto mgongoni. Haram yote ile kwenye kioo, watu wanazunguka na wanatembea kweli. Bibi akasema, "Ahaa. Hawa ndio wangu."

Kwenye TV adhana ya Makka ilitangulia kidogo, jua la kule linatangulia kuzama. Sisi huku bado kipande cha jua kilikuwa juu ya bahari. Bibi aliisikiliza yote akiwa anaijibu midomoni.

Ikaisha. Kwa kawaida pale ndipo anaposema azimiwe. Hakusema. Kamera ilikuwa inaonyesha ghorofa ya juu, ile ya viti vya magurudumu, wazee wanasukumwa na watoto wao. Ameiona picha hiyo miaka yote.

Akaangalia magoti yake, akayapigapiga kwa kiganja.

"Salma."

"Labeka, Bibi."

"Ngazi za nyumbani nimeshuka mwenyewe?"

"Mwenyewe, Bibi."

"Wallahi?"

"Wallahi, sote tumeona."

Akageuka kwangu. "Na gari lako hili lina choo mpaka tufike?"

Nikasema linacho.

"Basi n'pelekeni kwenyewe. Nimechoka kuwaona kwa kioo."

Mama mkwe akadhani anatania, akaanza kusema mama wewe na magoti hayo. Bibi akamkata, "Halas. Nimeshasema. Na babu yenu angekuwepo angenicheka, kutoka kwangu mpaka kule ni karibu kuliko nilivyojifanya."

Salma alijificha kwenye kile choo kidogo akalia humo kwa kwikwi, tunamsikia wote. Na mimi, mwanaume wa Kondoa, nilitoka nje nikajifanya nakaza skrubu ya dishi.

Alilala pale pale usiku ule. Asubuhi akataka kupelekwa majini, akaloweka miguu, akagombana na Otieno kuhusu namna ya kupika chai. Ngazi za kwake alizipanda siku ya tatu, kwa kigoda kilekile, na akatuambia kigoda kibaki mlangoni, kisirudishwe jikoni.

Sasa niliyojifunza, kwa faida ya wenye karavani, wenye magari ya chakula, na wote mnaokaa kambini.

Kama uko huku, achana na antena ya mviringo labda uwe ndani ya mji na shida yako ni taarifa ya habari. Ukiwa na hela ya kuchezea, chukua kuba. Sisi wengine dishi dogo la stendi linatosha sana, ila usinunue bila kile kifaa cha mluzi, utazeeka umeinama. Beba dira, au ile ya kwenye simu, usome kaskazini halisi. Kila ukihamia mji mwingine anza upya, upande na kimo, usijifanye unajua.

Na msiwe kama mimi. Nilikariri kitu kwa sababu kilinitii mara nyingi, sikuwahi kujiuliza kwa nini kinanitii. Ningejiuliza hata kidogo nisingemtesa bibi wa watu mchana kutwa.

Kingine si cha ufundi. Kama una mzee nyumbani anayekataa kutoka, usimhubirie. Mtafutie choo, mtafutie pa kukaa kila baada ya hatua kadhaa, na umpelekee kile anachokipenda mpaka hapo alipo. Mengine ataamua mwenyewe.

Nafungulia milango ya maoni. Wa kunicheka kwa kusahau rakaa mnicheke, nimestahili. Wajuzi wa madishi nikosoeni.

Ila hasa nawahitaji mlioko Makka au mliopeleka wazee. Tumesharudi Jeddah na karavani, vibali nimeshachukua kwenye app, kiti cha magurudumu mama mkwe amekipata, Otieno atatuvutia karavani mpaka mpakani mwa Makka, sisi tuchukue teksi, yeye atusubiri na chai. Nisichojua ni mlango gani mwepesi kwa mwenye kiti, wenye lifti isiyo na msongamano, na saa gani watu wanapungua.

Nijibuni leo leo, tafadhali. Mama mkwe kanipigia sasa hivi, anasema Bibi ameshavaa, ameanza kushuka, na yuko ghorofa ya pili.